Nia Yangu, Mikono Yako

Kosa langu la kwanza katika kazi ile lilikuwa kuitikia salamu isiyokuwa yangu.

Ilikuwa wiki ya mwanzo. Nilikuwa namsukuma Bwana Shamba kuelekea sokoni Lushoto, kiti chake cha magurudumu kikiruka kila penye jiwe, nami roho juu. Mama mmoja muuza plamu akatusimamisha. Alimtazama Bwana Shamba kidogo, kama mtu anavyoutazama mzigo uliomfikia salama, kisha akaninyanyulia macho mimi.

"Hajambo mzee wetu?"

Nilitaka nionekane kijana mwenye adabu na anayeijua kazi yake. Nikajibu haraka: "Hajambo, mama. Anaendelea vizuri. Amelala vizuri, na uji kaumaliza wote."

Tulipofika chini kabisa ya mteremko, Bwana Shamba akasema, "Simama."

Nikafunga breki.

"Nani kakuambia naendelea?"

Nikainamia magurudumu.

"Na uji, nilikutuma ukautangaze?"

"Hapana, Bwana Shamba."

"Geuza kiti. Turudi kwa yule mama. Hatujasalimiana."

Nilikipandisha kile kiti mlima wote, jasho likinitoka mpaka kwenye nyusi, vijana wa bodaboda wakinipigia mluzi: "Nesi! Nesi wa kiume! Umesahau dawa?" Tukafika kwa yule mama. Bwana Shamba akamwambia, "Mama, habari za tangu juzi. Mimi si mzima sana, shingo inauma, na huyu kijana ananiendesha kama toroli la samadi. Plamu zako zimeiva au umezilazimisha?" Yule mama alicheka mpaka akashika meza. Wakazungumza juu ya plamu, juu ya ukungu wa mwaka ule, juu ya mtu fulani aliyeoa tena. Mimi nilisimama nyuma nikitazama kisogo cha kofia yake.

Kabla ya kiti alikuwa bwana shamba kweli, mtumishi wa serikali. Alizunguka vijiji vya milimani kwa pikipiki akiwafundisha watu kulima kwa matuta yanayokinga mteremko, mpaka siku pikipiki ilipomtupa kwenye zile kona za chini ya Soni. Tangu siku ile mwili wake kuanzia mabega kushuka uliacha kumsikia. Shingo iligeuka. Kifundo cha mkono wa kulia kiliweza kunyanyuka kidogo, kama mtu anayekataa chai. Cheo kilikwisha, lakini jina lilibaki, na hata watoto waliozaliwa baadaye walimwita Bwana Shamba bila kujua sababu.

Aliishi kwenye nyumba yake mwenyewe, juu ya barabara ya kwenda Irente, na hilo ndilo lililokuwa jambo lake kubwa kuliko yote. Hakuwa na mke wala mtoto pale. Alikuwa na sisi wawili, mimi wa mchana na mwenzangu wa usiku, tuliowekwa na mradi mmoja uliokuja wilayani kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Mafunzo yalikuwa mafupi. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe kwa video za kwenye simu, nikirudia sehemu ile ile: namna ya kumgeuza mtu, namna ya kubadilisha mpira wa mkojo, namna ya kunyoosha shuka lisiache kikunjo. Nilifeli kidato cha nne. Nilijiapiza kwamba hii sitaifeli.

Niseme ukweli, niligeuka kero. Nilipima maji ya kuoga kwa kiwiko, nikapima tena, nikaongeza ya moto, nikapima tena, huku yeye ametandazwa pale anatetemeka. Nilivuta shuka hata likiwa limenyooka. Siku moja aliniangalia nikilivuta, akasema, "Wewe huogopi mimi nisiumie. Unaogopa wewe usikosee. Ni hofu mbili tofauti."

Niliumia, kwa sababu ilikuwa kweli.

Kanuni yake ilikuwa moja. "Nia yangu, mikono yako." Aliitoa kwenye udhu.

Mimi ni Mlutheri. Mara ya kwanza aliponiambia nimtie udhu niliogopa, nikaenda kuuliza kwa jirani Mwislamu namna unavyokwenda, nikaurudia kichwani njia nzima. Nilipofika nilimwosha viganja, nikamsukutua, pua, uso, mikono mpaka viwikoni, nikapaka maji kichwani, nikamaliza na miguu. Sikukosea hata hatua moja. Nikasimama nikisubiri sifa.

"Umeniosha vizuri sana," akasema. "Umeniosha kama sahani. Mimi nilikuwa bado sijatia nia, wewe umeshafika kwenye miguu. Anza upya. Na safari hii ningoje."

Nikamngoja. Alifumba macho. Kisha akasema, "Haya, mkono wa kulia," nami nikaushika mkono wa kulia. Mama yangu aliposikia kwamba namtia mtu udhu alinuna. Akaniuliza kama mchungaji anajua. Nikamwambia udhu si wangu, mimi ni bomba la maji tu. Akasema, "Bomba halina jina la ubatizo." Lakini hakunikataza.

Kilichompa Bwana Shamba jina mjini hakikuwa kiti wala ajali. Ilikuwa miche. Nyuma ya nyumba alikuwa na kitalu cha peasi na plamu za kubebesha: unachukua kikonyo cha mti unaozaa vizuri, unakiunganisha na shina changa la mti mgumu, unafunga kwa nailoni, unasubiri vishikane. Wakati fulani nilimsikia akimweleza mteja kwamba peasi ikikosa baridi inaota majani tu, kwa hiyo asihangaike kuipeleka kwa shemeji yake Tanga. Yeye aliona, mimi nilikata.

"Mshazari. Si hivyo. Laza kisu."

Nililaza kisu.

"Sasa funga."

"Bado hapajawa laini, Bwana Shamba."

"Funga! Kidonda kikikaa wazi kinakauka. Unapamba maiti?"

Miche yangu ya mwanzo ilikuwa mizuri kuitazama, na ilikufa yote. Ilipoanza kushika, wateja walikuja, wengine kutoka Rangwi na mbali zaidi. Wakauliza, "Nani kabebesha hii?" Naye akajibu bila kupepesa jicho, "Mimi." Nikiwa nimesimama pale pale, kisu mkononi, vidole vina makovu. Mara ya kwanza nilidhani ametania. Nilikwenda jikoni nikavunja kuni ambazo hazikuhitajika. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anasema ukweli wake, na kwamba kama angesema "huyu kijana," yeye angekuwa nani pale kitaluni? Nilielewa. Mpaka leo sijui kama iliacha kuniuma.

Asije mtu akadhani namchora malaika. Bwana Shamba aliichukia huruma; alisema huruma ni samadi mbichi, ukiiweka shinani inaunguza mmea. Lakini tukifika kwenye ofisi yenye foleni ndefu alilegeza shingo mpaka kidevu kikagusa kifua, mdomo wazi, na akinamama wakaanza: "Jamani, mpisheni mzee, mgonjwa huyo." Tukapita mbele. Tukihudumiwa na kutoka nje, ile sauti ikatoka kifuani: "Ninyanyue kichwa. Tumemaliza." Nilimwambia ni aibu. Akasema, "Wao wamejiona wema, mimi nimewahi nyumbani. Nani kapata hasara?"

Wageni wanaopita kwenda kutazama bonde kutoka mwamba wa Irente walipenda kumpiga picha kati ya miche yake. Akaweka sheria: picha moja, mche mmoja. Mzungu mmoja alinunua plamu, akauliza atapandaje nayo ndege. "Mwambie ashike nafasi ya dirishani," akasema Bwana Shamba, "plamu inapenda mwanga."

Dada yake, mtu mzima aishiye Mombo, alipiga simu kila Ijumaa. Niliishikilia simu sikioni mwake huku homa imempanda hadi naisikia kwenye vidole vyangu, naye akamwambia, "Dada, mimi imara kabisa. Kuna baridi tu." Halafu akaniambia kwa macho: usiseme. Sikusema.

Kuna mkulima mmoja, mzee mwenzake, mtani wake wa siku zote. Huyu alikuwa akija barazani na kumkumbusha jambo moja lile lile.

"Bwana Shamba, unakumbuka ulivyoning'olea mahindi yangu?"

"Ulikuwa umeyapanda kwa kushuka mlima. Mvua moja ingekuhamisha wewe na mahindi yako mpaka Mombo."

"Sawa. Lakini hukuniuliza."

Kila mara walicheka hapo. Siku moja hawakucheka. Bwana Shamba akasema kwa Kishambaa, polepole, kwamba kweli hakumwuliza. Yule mzee akakohoa, akaomba chai.

Kisha mradi ukafika mwisho. Dada wa mradi alikuja kutuaga, hakukaa hata kwenye kiti. Alisema tumefanya kazi nzuri sana na kwamba sasa ni zamu ya jamii. Bwana Shamba akamwuliza, "Jamii ndiyo nani? Nitajie jina, nimpigie simu." Dada yule akacheka kwa huzuni, akatazama saa.

Mwenzangu wa usiku alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Simlaumu. Mimi nilihamia chumba cha uani, nikawa wa mchana na wa usiku. Nilijiambia nitaweza, kwamba ni suala la mpangilio. Nilipanga kila kitu. Lakini mtu mmoja hawezi kuwa wawili hata akijipanga namna gani. Usingizi ulinichukua nimekaa, mara mwiko mkononi, mara sabuni mkononi, na ikatokea alfajiri nikamkuta amelalia upande ule ule niliomlaza usiku. Kidonda kikaanza chini ya mgongo, doa jekundu tu. Baada ya muda kikafunguka.

"Tupeleke habari kwa dada yako," nikamwambia.

"Nikikutuma utapeleka. Sijakutuma."

Alinituma kitu kingine: kumtafuta kijana wa pili. Nilitafuta kweli. Nilizunguka kwa vijana niliosoma nao, kanisani, hata kwa wale waliokuwa wakiniita nesi. Mmoja alikuja, akafanya kazi siku chache, na alipoelekezwa habari ya choo akasema anakwenda kuchukua nguo zake. Hakurudi. Watu walikuwa tayari kumwombea Bwana Shamba, kumletea maziwa, kumletea ndizi. Kuwa mikono yake hakuna aliyetaka.

Dada yake alikuja bila kuitwa. Aliingia mlangoni, akanusa dawa, akafunua blanketi mwenyewe. Alilia palepale, amepiga magoti, na mimi nilisimama na beseni nikitamani ardhi inimeze.

Siku ya tatu pakawa na kikao barazani. Alikuwepo dada yake na mzee mmoja wa ukoo wao aliyepanda naye kutoka Mombo, mtu mwenye sauti ndogo na fimbo. Bwana Shamba nilimweka kwenye kiti, nikamvika kofia yake nyeupe kama alivyoagiza, nikamwelekeza uso kwao. Wakazungumza. Wakasema joto la Mombo litamfaa, hospitali iko karibu, chumba kipo. Wote walisema "yeye." Atakula nini, atalala wapi, ataogeshwa na nani.

Kisha dada yake akanigeukia.

"Wewe kijana ndiye unayemwogesha. Tuambie ukweli wa Mungu. Anaweza kuendelea kukaa hapa?"

Nililijua jibu la mikono yangu. Mikono yangu ilikuwa imekwisha. Lakini nilikumbuka uji niliowahi kuutangaza sokoni.

"Samahani, mama. Muulizeni mwenyewe. Anasikia."

Yule mzee akagonga fimbo sakafuni. "Tunakuuliza wewe uliye mzima."

"Muulizeni mwenyewe, mzee. Shikamoo, lakini muulizeni."

 Ndipo Bwana Shamba akasema, kwa sauti ile ile ya kuuliza bei ya plamu:

"Nataka kubaki. Sina maneno mengi. Dada, umekuja kunichukua, na najua ni kwa mapenzi. Nisaidie kubaki. Nitafutieni kijana mmoja tu wa kupokezana na huyu. Ukoo wetu una vijana wangapi wamekaa vijiweni? Nitawafundisha. Hata huyu alikuja hajui kitu."

Dada yake alijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Kaka yangu, watu watasema nini? Kwamba una ndugu, lakini umekufa unageuzwa na watoto wa watu?"

"Nikifa. Sasa hivi naongea."

"Mimi siwezi," akasema. "Sitaweza kulala." Na ilikuwa dhahiri kwamba kweli asingeweza.

Mzee wa ukoo akainua viganja. "Basi. Tumshukuru Mungu, tumekubaliana." Akaanza dua. Tuliitikia amina. Mimi pia niliitikia, kwa mazoea ya adabu, na Bwana Shamba akanitazama.

Mpaka siku ile niliamini kwamba nikiifanya kazi yangu sawasawa, mambo yatakwenda sawasawa. Nilisema neno lililotakiwa, mahali palipotakiwa, mbele ya watu waliotakiwa kulisikia. Alijibu mwenyewe, kwa kinywa chake. Wakamsikiliza hadi mwisho, kisha wakaulizana gari litapatikana lini.

Aliteremka kwenda Mombo na lori la mboga. Walimweka mbele, karibu na dereva, wamemfunga kwa khanga asianguke kwenye kona. Kiti chake kilifungwa juu ya magunia ya kabichi, miguu juu. Kabla mlango haujafungwa aliniita.

"Zile peasi za mstari wa nyuma. Usimuuzie mtu, hazijashika bado."

"Sawa, Bwana Shamba."

"Na kofia. Imekaa upande."

Nikaiweka sawa. Lori likaondoka, na magurudumu ya kile kiti yakawa yanazunguka taratibu kwa upepo mpaka lilipopotea kwenye kona.

Nilikwenda kumwona baada ya masika. Mombo joto lilinipiga usoni mlangoni pa basi. Nyumba ya dada yake ni safi, ina miti, ina watoto wengi. Dada mwenyewe alinipokea kwa furaha, akanikalisha, akaniletea maji baridi. Akaniambia kidonda kimepona. Na kweli kilikuwa kimepona; aliniruhusu nione, nikaona ngozi imefunga vizuri, bora kuliko ningeweza mimi. Nilifurahi, na nilijisikia vibaya kwa namna nilivyofurahi.

Bwana Shamba alilala kitandani kando ya dirisha, amepakwa poda shingoni kama mtoto, feni inamwelekea. Kiti sikukiona. Baadaye niliona kiko uani, kuku ametagia. Watoto walikuwa wakipita mlangoni wanasema, "Shikamoo, babu," na hao wameshafika uani kabla jibu halijatoka. Naye hakuwa akijibu tena.

"Shikamoo, Bwana Shamba," nikasema, nikasimama kungoja.

Dada yake akasema kutoka nyuma yangu, "Hajambo kabisa. Anakula vizuri, analala vizuri. Uji anamaliza."

Niliendelea kungoja. Feni ikazunguka ikaja kwangu, ikarudi kwake.

"Marahaba," akasema mwishowe. Sauti ilikuwa imepungua.

Dada yake alitoka kwenda kunipikia. Nilivuta kigoda. Nikamweleza habari za mlimani, mtani wake anamsalimu, baridi imekuwa kali. Nikamwambia zile peasi za mstari wa nyuma zimeshika zote, hakuna hata mche uliokufa.

"Za nani sasa?" akauliza.

 Adhana ya adhuhuri ikatoka msikitini, karibu sana. Nikasimama kutafuta beseni la udhu. Akatikisa kichwa. Akasema wanamwosha asubuhi, wanamwosha vizuri, yeye husikia tu maji yameshapita.

Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikaweka mikono yangu juu ya shuka, mahali anapoweza kuiona.

"Nitume, Bwana Shamba. Chochote. Niko hapa mpaka jioni."

Aliitazama mikono yangu kwa muda mrefu. Kile kifundo cha kulia kikanyanyuka kidogo, kikashuka.

"Sina pa kukutuma," akasema.

Nilikula chakula cha dada yake, kilikuwa kizuri, nikashukuru, nikapanda basi.

Nyumba ya juu ya barabara ya Irente imepangishwa. Njia ya kiti, tuliyoisawazisha kwa jembe, wapangaji wameikata ngazi. Miche waliniachia, nami naiuza kando ya barabara. Wateja wanauliza nani kabebesha. Nasema mimi.